Mpaka Ijumaa: Niliyojifunza Nikiandika Barua za Kiingereza Katika Biashara ya Samaki Mwanza

Mnunuzi wa minofu ya sangara aliyeko Ulaya hamwoni samaki kabla ya kukubaliana bei. Anachokiona ni barua, orodha ya mizigo, cheti cha afya na lebo ya boksi, vyote kwa Kiingereza, na sehemu kubwa ya maandishi hayo hutoka mikononi mwa karani aliyeketi katika ofisi ndogo huku, pembeni mwa ziwa, ambaye hajawahi kuonana na huyo mnunuzi. Nimekuwa karani wa namna hiyo kwa miaka kadhaa katika kiwanda kimojawapo cha kuchakata samaki jijini Mwanza. Ninayaandika haya kwa ajili ya vijana wanaoingia kazi hii, na kwa yeyote ambaye mkate wake unategemea kuandika Kiingereza huku akifikiri kwa Kiswahili.

Niliingia kazini nikiamini kwamba Kiingereza changu kinatosha. Masomo ya sekondari nchini kwetu hufundishwa kwa lugha hiyo, nami nilikuwa nimefaulu vizuri. Lakini shule ilikuwa imetupandikizia tabia moja ambayo sikuitambua mapema. Katika mazoezi tuliambiwa tuandike neno jingine lenye maana sawa na lile lililopigiwa mstari, na mwanafunzi aliyeandika "reject" mahali pa "refuse" alipewa alama yake bila swali. Tulikua tukidhani kwamba maneno yanayokaribiana maana hukaa badala ya mengine bila neno, na kwamba aliyesoma ni yule anayechagua lile refu. Maneno magumu hayakuwahi kunitia hasarani, kwa sababu niliyatafuta kwenye kamusi kabla ya kuyagusa. Yaliyotugharimu ni yale niliyoyajua tangu kidato cha kwanza, ambayo hakuna mtu mzima anayeona sababu ya kuyatafuta.

Katika faili la barua nililokabidhiwa kulikuwa na sentensi iliyokuwa ikinakiliwa kutoka barua hadi barua kwa muda mrefu: "The goods will be ready until Friday." Aliyeitunga alikuwa na Kiswahili safi kichwani, yaani mpaka Ijumaa mzigo utakuwa tayari, na wanunuzi wa zamani walikuwa wamekwisha kuizoea wakaielewa hivyo hivyo. Kisha akaja mnunuzi mpya. Yeye aliisoma kama ilivyoandikwa, kwamba mzigo upo tayari sasa na utaendelea kuwepo hadi Ijumaa, kisha hautakuwepo tena. Akaona akichelewa minofu itauzwa kwa mwingine au itaharibika, akaiacha nafasi ya bei nafuu aliyokuwa ameipangia mwisho wa wiki, akalipia nafasi ya ndege ya katikati ya wiki. Siku hiyo sangara wetu wengine walikuwa bado kwenye mitumbwi ya barafu ziwani. Nafasi iliyolipiwa ikaondoka tupu.

Gharama ile ilikatwa kwenye malipo yetu, na faida ya shehena nzima ikawa imekwenda na maji. Nakumbuka kwamba kwa wiki kadhaa baada ya hapo simu ya mezani ikilia moyo ulinienda mbio, na kila baruapepe niliyotuma niliirudia kuisoma nikiwa nimekwisha kuituma, jambo lisilo na faida yoyote. Lililoniumiza zaidi ni kwamba sikuona kosa lilipo. Nilifungua kamusi ya Kiswahili na Kiingereza, nikatazama neno "mpaka", nikakuta "until" imekaa hapo waziwazi, na "hadi" nayo ikanirudisha palepale.

Shida ya neno "mpaka" ni kwamba sisi hulitumia kwa mambo mawili ambayo Kiingereza huyatenganisha. Kuna jambo linaloendelea mfululizo hadi wakati fulani ndipo likome, kama duka lililo wazi mpaka saa mbili usiku, na hilo ndilo la "until". Kuna pia jambo la mara moja ambalo linaweza kutokea wakati wowote ilimradi lisipite siku iliyotajwa, kama deni linalotakiwa liwe limelipwa mpaka mwisho wa mwezi, na hilo ni la "by". Kipimo ninachotumia siku hizi ni kujaribu kuweka neno "kufikia" katika sentensi yangu ya Kiswahili. Likikaa vizuri, kwa mfano kufikia Ijumaa mzigo utakuwa tayari, basi ni "by Friday". Likigoma, kwa sababu duka haliwi wazi kufikia saa mbili, basi ni "until". Pana mtego mmoja wa ziada, nao ni sentensi ya kukanusha: ukisema mzigo "will not be ready until Friday", umesema kwamba utakuwa tayari Ijumaa, wala hautakuwa tayari kabla yake. Kwa hiyo sentensi yetu ya zamani ingeweza kuokolewa kwa kuongeza neno moja tu la kukanusha, ingawa ingesikika kama malalamiko.

Jirani yake ni "in" na "within". Ukimwandikia mteja kwamba utamlipa "in five days", ataisubiri siku ya tano na hatakusumbua kabla yake. Ukiandika "within five days" ana haki ya kuanza kuchungulia akaunti yake tangu kesho. Neno letu "ndani ya" huwafanya wengi waandike "in" huku wakikusudia "within", na mhasibu wa upande wa pili hukaa kimya siku zote tano, nasi tukadhani amekasirika.

Baada ya mkasa wa Ijumaa nilitafuta msaada kwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza anayeishi Nyegezi. Alinitoza ada kwa kila barua, tena si haba, lakini ilikuwa ndogo ukiilinganisha na nafasi moja ya ndege. Tulikuwa tukikaa barazani kwake jioni, mimi nikiwa na rundo la barua zilizochapwa, yeye na penseli yake nyekundu fupi ambayo aliichonga kwa wembe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta barua au umeleta hoja?"

Hakuwa akinipa maana za maneno. Aliweka ncha ya penseli juu ya neno moja na kuuliza, "Akishasoma hapa, huyu mtu atainuka kwenda wapi?" Nikisema atakwenda kuagiza ndege, aliuliza ya lini. Nikisema atakwenda kwa mwanasheria wake, aliuliza ni neno gani lililompeleka. Nilipoanza kutoa maelezo marefu kuhusu nilichokusudia, alinikatiza kwa upole akisema kwamba nilichokusudia hakijafungwa ndani ya bahasha. Njia yake hii ndiyo ninayoitumia hadi leo, na ninaiona kuwa bora kuliko orodha zote za maneno nilizowahi kukariri: tofauti kati ya maneno mawili yanayokaribiana huonekana katika kile ambacho msomaji atafanya baada ya kulisoma moja badala ya jingine. Pale ambapo atafanya jambo lilelile, chagua lile fupi ulale.

Ni yeye pia aliyenieleza kwa nini Kiingereza kimejaa maneno pacha kiasi hiki. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa baada ya hapo lugha ya wakubwa na ya mahakama ikawa Kifaransa, huku wanakijiji wakibaki na Kiingereza chao, na Kilatini kikitawala kanisani na kwa wasomi. Lugha hizo zilipochanganyika hazikufutana. Ndiyo maana kuna "begin" ya wenyeji na "commence" iliyotoka Ufaransa, "buy" na "purchase", "help" na "assist", na ndiyo maana hati za kisheria hutaja jambo moja mara mbili, kama katika "goods and chattels" au "will and testament", ambamo neno la kwanza ni la wenyeji na la pili la wageni. Pacha wa Kifaransa kwa kawaida amevaa suti. Ukimwandikia mfanyakazi mwenzako kwamba umekwisha "commence" kazi uliyotumwa, atakuona unamdhihaki au unajitayarishia kesi.

Nilipolalamika kwamba hilo ni gumu, Mwalimu alicheka. "Ng'ombe wa jirani yangu amefariki," alisema, akanitazama. Nami nikacheka, kwa sababu ng'ombe hafariki, ng'ombe hufa. Kufariki tulikupokea kutoka Kiarabu tukakutengea binadamu, na hakuna mtoto wa Kiswahili aliyefundishwa hilo darasani. Uwezo wa kutofautisha maneno jamaa tunao wote. Tunachokosa katika Kiingereza ni kule kuyasikia yakitumika kila siku sokoni, msibani na nyumbani, kwa hiyo inabidi tufidie pengo hilo kwa utaratibu.

Nilipoanza kuyapitia maneno yetu ya kiwandani kwa macho hayo, niligundua kwamba neno la hatari kuliko yote lilikuwa "mbichi". Kwetu samaki ambaye hajapikwa ni mbichi, na aliyetoka ziwani asubuhi ni mbichi, na hata yule aliyegandishwa ukimtoa kwenye friza ni mbichi bado. Kiingereza humwita "raw" kwa sababu hajapikwa, na humwita "fresh" kwa sababu hajapoteza ubora wake wa kutoka majini, na mambo hayo ni mawili. Kwa mnunuzi wa Ulaya jambo hili lina sheria yake: kanuni ya usafi wa vyakula vitokanavyo na wanyama ya Umoja wa Ulaya, namba 853 ya mwaka 2004, inasema bidhaa ya samaki ni "fresh" iwapo haijafanyiwa jambo lolote la kuihifadhi zaidi ya kupoozwa. Maana yake ni kwamba mnofu uliolala juu ya barafu ni "fresh", na mnofu uliogandishwa hadi nyuzi 18 chini ya sifuri ni "raw" lakini si "fresh", hata kama uligandishwa saa moja baada ya samaki kupokelewa. Karani anayeandika "fresh frozen" kwenye ankara kwa nia ya kuusifia mzigo wake amemwekea mnunuzi maneno mawili yanayogombana, na ofisa wa forodha hapendi kuamua ugomvi wa namna hiyo kwa kukisia.

Kutoka hapo nikaenda kwenye lebo. Siku moja niliingia chumba cha baridi pamoja na kijana wa upakiaji, nikiwa nimevaa koti zito la kuazima na buti zilizonizidi, tukasimama mbele ya marundo mawili ya maboksi ya aina tofauti. Upande mmoja palikuwa na maboksi meupe ya povu ya minofu iliyopoozwa, yatakayoondoka kwa ndege. Upande wa pili katoni za minofu iliyogandishwa, zitakazokwenda kwa kontena hadi bandari ya Dar es Salaam. Mashine ya kuchapa lebo ilikuwa imewekewa maneno mamoja kwa yote, "Use by", kwa sababu fomu yetu ya ndani ilikuwa na kipengele kimoja tu kilichoandikwa mwisho wa matumizi.

"Dada, si tarehe ni ile ile tu?" aliniuliza yule kijana, akipuliza vidole vyake.

Tarehe inaweza kuwa ileile, lakini neno linalotangulia ndilo linaloamua boksi litakwenda wapi siku inayofuata. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011, inayohusu taarifa za vyakula kwa walaji, huweka "use by" kwa vyakula vinavyoharibika haraka kiasi cha kuweza kumdhuru mtu, na tarehe ikipita chakula hicho huhesabiwa kuwa si salama. "Best before" huzungumzia ubora: baada ya tarehe hiyo mnofu unaweza kupungua ladha au kukauka kingo, lakini haujawa sumu. Kwa hiyo katoni ya minofu iliyogandishwa ikibandikwa "use by", mnunuzi aliyebakiwa na katoni mia baada ya tarehe hiyo hana pa kuzipeleka ila jalalani, ilhali zikiwa na "best before" bado anaweza kuzikagua na kuziuza kwa bei ya chini. Na kinyume chake ni kibaya zaidi, kwa kuwa minofu iliyopoozwa ikiandikwa "best before" humwambia mama mwenye nyumba kule ughaibuni kwamba akichelewa siku mbili si kitu.

Lebo zilizokwisha kuchapwa zilibanduliwa moja moja, na gharama ya karatasi na muda wa ziada wa wafanyakazi haikumfurahisha mtu. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kutengeneza vipengele viwili katika fomu ya Kiswahili yenyewe kabla ya kugusa Kiingereza. Sisi tuliandika "isiliwe baada ya" na "ubora kamili hadi", na tangu hapo hakuna aliyehitaji kuniuliza lebo ipi iende wapi. Karani anayepewa neno moja la Kiswahili atatoa neno moja la Kiingereza, hilo si la kumlaumu.

Jambo la pili lililotugharimu fedha za kweli lilikuja kwa upande ambao sikuutegemea, kwa sababu safari hii Kiswahili ndicho kilichokuwa na maneno mawili na Kiingereza kikawa na moja. Shehena fulani ya minofu iliyopoozwa ilifika kwa mteja ikiwa na joto kuliko ilivyotakiwa, na mteja akaandika kulalamika. Bosi alikuwa safarini, akanipigia simu.

"Waandikie haraka. Wape pole kwa yaliyowakuta, waambie tunafuatilia."

Nikaandika kwamba "we are very sorry for the bad fish", nikaongeza kwamba tunafuatilia. Kwa Kiswahili bosi alikuwa amesema jambo lililo sahihi kabisa. Pole hupewa mtu aliyepatwa, bila kujali nani kasababisha. Unampa aliyejikwaa barabarani hata kama ulikuwa umesimama ng'ambo. Samahani huombwa na aliyekosa. Kiingereza huyafunika yote mawili kwa "sorry", na msomaji huamua ni ipi kwa kuangalia kinachofuata. "Sorry to hear that" ni pole. "Sorry for", ikifuatiwa na kitu kilichotoka mikononi mwako, husomwa kama samahani. Mteja akajibu kwa heshima kwamba anashukuru kwa kukiri kwetu, na akaambatisha hati ya madai.

Kifaa cha kurekodi joto kilichokuwa ndani ya boksi kiliposomwa, kilionyesha kwamba minofu iliondoka ikiwa baridi barabara na ikapata joto katikati ya safari, mahali ambapo mzigo ulibadilishwa ndege. Tulikuwa na ushahidi mzuri, lakini barua yetu ilikuwa imekwisha kutangulia. Baada ya majibizano marefu hasara iligawanywa, nasi tukalipa sehemu ambayo pengine haikuwa yetu. Baadaye nilielezwa kwamba Uingereza ilitunga sheria mwaka 2006, inayotumika England na Wales, isemayo kwamba kuomba radhi peke yake kusihesabiwe kuwa ni kukiri uzembe. Ni sheria yenye busara, lakini ni ya mahakamani, na mhasibu wa kampuni ya samaki hasubiri hakimu.

Tangu siku hiyo barua za malalamiko nimeziwekea ngazi tatu, na siandiki hata mstari mmoja kabla ya kumuuliza bosi tumesimama ngazi ipi. Kama hatujui kilichotokea, naandika "we are sorry to hear", au kwa mteja rasmi "we regret to learn", kisha nataja siku tutakayotoa jibu. Kama tunajua kwamba jambo limetokea lakini halikuwa mikononi mwetu, natumia "we regret that", ambayo ni masikitiko bila kubeba mzigo. Kama tumekosa, naandika "we apologise for", naeleza tulichokosa, wala sizunguki. Wapo wenzangu wanaoogopa ngazi hiyo ya tatu na kujificha kwenye "regret" siku zote. Mimi naona wanakosea, kwa kuwa mteja aliyeumizwa waziwazi akipewa masikitiko badala ya radhi huona anadharauliwa, na mteja aliyedharauliwa hununua kwingine.

"Kukataa" nako kulinisumbua, ingawa kwa gharama ndogo. Mkaguzi anayepima samaki na kuona hawafai amewa-"reject". Shirika la ndege linalogoma kupokea boksi linalovuja limeli-"refuse". Mteja anayesema hapana kwa adabu baada ya kuletewa bei ame-"decline". Na "deny" huwekwa pale mtu anapokana kwamba jambo lilitokea, au anaponyima kibali. Tuliwahi kumwambia mteja kwamba shirika la ndege lime-"deny" maboksi yake, naye akauliza kwa mshangao iwapo shirika hilo linadai halijawahi kuyaona. Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa tukikitumia kikamilifu, kwa sababu tunacho kitenzi "kukana". Anayekiacha na kusema "kukataa" kwa kila jambo ndiye anayejikuta bila pa kushika anapovuka kwenda Kiingereza.

Kwa "kuhakikisha" niseme kwa kifupi tu. "Ensure" ni kufanya jambo liwe hakika, "assure" ni kumpa mtu maneno ya kumtuliza, na "insure" ni kukata bima, ambayo katika barua za biashara ya nje ni fedha taslimu. Tukiuza kwa masharti ya CFR tunalipa nauli lakini hatulazimiki kukata bima. Kwa masharti ya CIF tunalazimika. Karani akiandika kwamba "we insure your goods" akiwa na nia ya kuhakikisha tu, amebadilisha masharti ya mauzo kwa herufi moja.

Yupo pia "should", ambaye nusura atuharibie ukaguzi. Mwongozo wetu wa usafi ulikuwa umetafsiriwa zamani, na kila mahali palipokuwa na "inapaswa" pakawekwa "should": wafanyakazi wanapaswa kunawa mikono, visu vinapaswa kuchemshwa. Mkaguzi aliyekuja alikuwa na adabu na hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba kwa jinsi mwongozo ulivyoandikwa, kunawa mikono katika kiwanda chetu ni ushauri mzuri. Katika lugha ya viwango vya ISO, shirika la kimataifa la viwango, "shall" ni sharti, "should" ni pendekezo, "may" ni ruhusa na "can" ni uwezekano au uwezo, na mkaguzi huisoma hati yako kwa mizani hiyo hata kama wewe hukuijua. Wazee wa kiwandani wanaokumbuka mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu, hawahitaji kuelezwa kwa nini mnunuzi husoma hati zetu kwa miwani. Mwongozo wote uliandikwa upya. Tulikwenda sentensi kwa sentensi, nikimuuliza msimamizi wa usafi kila mara, "Asipofanya hivi, anaandikiwa barua ya onyo au haandikiwi?" Jibu lake ndilo lililochagua neno.

Kuhusu vitendea kazi, ninayo maoni machache. Kamusi ya lugha mbili ni ya kuanzia safari, kwa sababu hukupa majina ya maneno yaliyo jirani. Ukishayapata, ifunge na ufungue kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza, usome mifano kuliko fasili. Kamusi za visawe nazihofia. Zinakusanya maneno jamaa kwenye mstari mmoja bila kusema yanatofautiana wapi, na hivyo zinamfaa aliyekwisha kuyajua yote na amesahau moja. Programu za kutafsiri kwenye simu zimeboreka sana na ninazitumia kila siku, lakini zina ukimya unaonitisha: ukiandika "mpaka" zitachagua neno moja na hazitakwambia kwamba kulikuwa na jingine. Nimejifunza kuziandikia Kiswahili kisichoyumba, kama "kufikia Ijumaa" au "haitazidi Ijumaa", na hapo mara nyingi huchagua vema. Kisha naitafuta sentensi nzima mtandaoni ndani ya alama za nukuu, nione kama wenye biashara kama yetu huisema hivyo. Wingi wa majibu pekee hauniridhishi, maana hata kosa lina wafuasi. Naangalia ni nani anayesema na anamwambia nani.

Mwisho nitaje maneno ambayo wenyewe Waingereza hawaelewani juu yake, na kwa hayo sichagui kabisa. "Biweekly" kwa wengine ni mara mbili kwa wiki na kwa wengine mara moja kila wiki mbili, na kamusi zao zinakubali maana zote mbili bila aibu. "Next Friday" ikisemwa Jumatatu, mmoja ataelewa Ijumaa hii inayokuja na mwenzake ataelewa ile ya wiki ijayo. Tarehe za tarakimu tupu nazo zina mgogoro, kwani 5/6 ni Juni kwa Mwingereza na Mei kwa Mmarekani. Ratiba zetu za usafirishaji sasa huandikwa jina la siku, tarehe, mwezi kwa herufi na mwaka, zikifuatiwa na saa za Afrika Mashariki na za kwa mteja. Kijana mpya aliyeletwa ofisini mwaka huu aliona huo ni urefu usio na sababu, akaandika "next Friday" kwenye rasimu yake ya kwanza. Nilimrudishia na penseli nyekundu, nikamwomba akaulize wenzetu watatu wa upakiaji ni tarehe ngapi. Alirudi na tarehe mbili.